Wapinzani wa Kaunta Moja: Mhadhara kwa Waandishi Chipukizi wa Riwaya za Mapenzi

Walimu wangu mliopo, waandishi wenzangu, na ninyi vijana mlioleta miswada yenu:

Nimeombwa nizungumzie riwaya ya mapenzi ya wafanyakazi wawili wanaoshindana, nami nitalishikilia jambo moja tu, kwamba katika riwaya ya aina hii kazi yenyewe ndiyo inayowaunganisha wapenzi. Mwandishi asiyejua wahusika wake wanafanya nini tangu saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni hatatuaminisha kamwe kwamba wamependana.

Nachukua mfano wa zamani. Mwaka 1937 Miklós László wa Hungaria alitunga tamthilia kuhusu wauzaji wa duka la manukato mjini Budapest, na mwaka 1940 Ernst Lubitsch akaitolea filamu huko Marekani, The Shop Around the Corner, duka likiwa sasa la bidhaa za ngozi. Alfred Kralik ni muuzaji wa siku nyingi; Klara Novak ni msichana aliyekuja kuomba kazi. Dukani hawapatani hata kidogo, ilhali kila mmoja anaandikiana barua za mapenzi na mtu asiyemjua, na mtu huyo ndiye huyo huyo anayegombana naye kutwa.

Wengi huzisifu barua. Mimi hukisifu kisanduku. Mwenye duka amevutiwa na visanduku vya sigara vinavyopiga muziki vikifunuliwa, na Kralik anamwambia waziwazi kwamba havifai. Klara, ambaye ameshaambiwa nafasi hakuna, anakichukua kisanduku kile kile, anamgeukia mteja na kumweleza kuwa ni cha peremende: kila akikifunua, muziki utamkumbusha kwamba anazidisha tamu. Mteja anakinunua, Klara anaajiriwa, na Kralik anabaki ameumbuka mbele ya bosi wake. Ugomvi umezaliwa kaunta, juu ya kitu kinachoshikika, na kila mmoja ameonyesha ustadi ambao mwenzake hawezi kuukana hata akichukia.

Katika miswada niliyoisoma, wapinzani wengi hugongana mlangoni, wakamwagiana chai, wakanuniana kurasa mia. Hapo sijaona wanagombea nini. Mfikirie badala yake mhasibu ambaye, siku ya kufunga hesabu za mwezi, anakuta pembeni ya tarakimu aliyoikosea alama ndogo ya penseli, kwa mkono wa yule anayewania naye cheo, na bosi hajaambiwa neno. Atakaa na karatasi ile mbele yake kwa muda mrefu, kwa sababu ili kuliona kosa lile ilibidi mtu aisome kazi yake kwa makini kuliko yeye mwenyewe. Wahenga walisema wagombanao ndio wapatanao. Kazi ya mwandishi ni kutuonyesha mlango wanaopitia.

Riwaya hizi huitwa tamu kwa kuwa hazituingizi chumbani, na msidhani huo ni upungufu. Mwandishi akijinyima hilo, kikombe cha chai kilichowekwa mezani bila kuombwa kinakuwa na uzito wa kurasa kumi.

Liko jambo linalonisumbua, na nawasihi mlitafakari mnapopanga visa vyenu: wapinzani wawe sawa. Mmoja akiwa na uwezo wa kumfukuza mwenzake, kukubali kwa yule wa chini hatukuamini tena. Hata filamu niliyoisifu inayumba hapa, kwani Kralik anagundua mapema kwamba mwandishi wa barua ni Klara, kisha anapewa umeneja, na bado ananyamaza. Kwa siku kadhaa yeye ana siri na ana cheo, na Klara hana hata kimoja. Nampenda Kralik, lakini kwa hilo namlaumu.

Lubitsch, nadhani, aliliona deni hilo na akalilipa mwishoni. Ni mkesha wa Krismasi, duka limefungwa, na Kralik anajitambulisha kwa kuchomeka kwenye koti lake ua la mapambo liitwalo kwa Kiingereza carnation, alama waliyoagana barua kwa barua. Klara hamkimbilii. Anamwomba kwanza apandishe suruali, amwangalie miguu kama ina matege, na yule meneja anainama, anaipandisha, anasimama kukaguliwa.