Paukwa ya sekunde 60

Sikilizeni kwanza, halafu ndiyo tusalimiane.

[Sauti inapigwa: "Paukwa!" Ukumbi unajibu: "Pakawa!"]

Ahsanteni. Huyo ni bibi yangu mzaa mama. Nilimrekodi kwa simu akiwa jikoni, ndiyo maana mnasikia sufuria kwa mbali. Neno lenyewe linachukua sekunde 1. Leo nataka tulivute mpaka lifike sekunde 60, na bibi abaki kuwa bibi. Hilo la mwisho ndilo lenye kazi.

Ndani ya kompyuta, sekunde 1 ya sauti hii ni namba 44,100 zilizopanga foleni. Programu tunayotumia inaitwa Pure Data, sisi tunaoitumia tunaiita Pd tu. Aliyeiandika ni Miller Puckette, yule yule aliyeanzisha Max, programu nyingine ya muziki, pale IRCAM, kituo cha utafiti wa muziki cha Paris, miaka ya 1980. Pd aliianza miaka ya 1990 akiwa Chuo Kikuu cha California, San Diego, na mpaka leo ni ya bure. Huku huandiki msimbo mstari kwa mstari. Unaweka visanduku, unaviunganisha kwa nyaya, sauti inaingia juu inatokea chini. Kisanduku chenye kiwimbi mwishoni mwa jina, hiki ~, kinashughulika na sauti yenyewe. Kisicho nacho kinapitisha namba na amri. Kiwimbi mkikisahau na kisanduku kikagoma, msinipigie simu usiku.

Ile foleni ya namba inakaa kwenye jedwali. Kuna kisanduku kinaitwa phasor~, kazi yake ni kupanda kutoka 0 hadi 1, kudondoka, na kupanda tena. Zidisha kwa 44,100, na hapo umepata kidole kinachopita juu ya foleni. Tabread4~ inasoma pale kidole kilipo. Ukiipa phasor~ 1, bibi anasema Paukwa kama alivyosema jikoni. Ukiipa 0.5, kidole kinatembea nusu mwendo.

[Sauti inapigwa. Vicheko.]

Bibi amekuwa babu. Muda umekuwa mara mbili, lakini sauti imeshuka oktavu nzima, yaani kutoka do ya juu hadi do ya chini, maana mitikisiko ile ile imetandazwa kwenye muda mrefu zaidi. Kinyume chake mnakijua nyote, hata asiyewahi kugusa kinanda. Singeli ya Dar es Salaam ilikua kwa kuchukua vipande vya taarabu, kuvizungusha na kuvikimbiza mpaka kupita midundo 200 kwa dakika. Kipande cha midundo 110 ukikikimbiza hadi 220, vinanda na sauti ya mwimbaji vinapanda oktavu. Wale vijana hawakuuona huo kuwa ubovu. Wakaufanya ndiyo ladha yenyewe, na mimi nawavulia kofia. Lakini bibi yangu si singeli.

Basi tunafanyaje? Tunaikata sauti punje punje. Kila punje inachezwa kwa mwendo wake wa kawaida, kwa hiyo sauti haishuki. Kinachopunguza mwendo ni mahali tunapochota punje inayofuata. Tuseme punje ni milisekunde 50, na kila milisekunde 25 tunaanza mpya. Ili muda uwe mara mbili, tunasogea milisekunde 12.5 tu ndani ya rekodi kila tunapochota. Punje mbili zinapokezana kama wanawake wawili wanaotwanga kinu kimoja: mchi wa huyu ukiwa juu, wa mwenzake uko chini. Kila punje inaanza kimya, inapanda, inafifia, na ikifika kimya mwenzake ndiye yuko juu. Bila kupokezana huko unasikia tik-tik-tik kila inapokatwa.

Jambo hili ni kongwe kuliko kompyuta zetu. Dennis Gabor, yule mwanafizikia Mhungaria aliyekuja kupata Nobel kwa holografia, miaka ya 1940 alikuwa Uingereza akilijaribu kwa filamu ya sinema na ngoma inayozunguka yenye matundu. Mwaka 1954 Fairbanks, Everitt na Jaeger wa Chuo Kikuu cha Illinois wakalifanya kwa utepe wa sumaku na vichwa vinavyozunguka. Wazo ni lile lile la kuchota vipande na kuvirudia.

Sasa niwaambie nilipojikwaa. Mara ya kwanza nilipounganisha haya, bibi hakushuka, alipanda! Alikuwa mwembamba, kama anaimba. Nilikesha nikihesabu nyaya. Kisa chenyewe kilikuwa hiki: kidole kikubwa, kile cha nusu mwendo, kilikuwa kinaendelea kusogea hata punje ikiwa katikati ya kuchezwa. Kwa hiyo punje ilisomwa kwa mwendo wake, 1, kujumlisha mwendo wa kidole, 0.5. Jumla 1.5. Wanaojua nota wameshaona: hiyo ni kutoka do hadi sol. Sikuwa nimekosea ovyo, nilikosea kwa usahihi kabisa. Dawa ni kisanduku kimoja, samphold~. Kinaishika namba ya mahali pa kuanzia na kuikataza kusogea mpaka punje iishe, yaani wakati ambapo sauti yake ni kimya na hakuna wa kusikia mabadiliko. Fungueni mifano inayokuja na Pd yenyewe, ile ya herufi B kwenye folda ya sauti, mtaikuta humo.

[Sauti inapigwa, mara mbili ya muda.]

Afadhali, sivyo? Ila sikilizeni ile p. Ukiwa na masikio ya mpiga ngoma itakukera. Mlio wa p ni wa ghafla, kama kofi. Kwa vipimo vile vya punje 50 na hatua 12.5, kofi hilo linaangukia ndani ya punje nne, kwa hiyo linasikika mara nne, kila moja milisekunde 12.5 baada ya mwenzake. Bibi ana kigugumizi ambacho hajawahi kuwa nacho. Na mkumbuke hapo tumevuta mara mbili tu. Tukivuta mara 60, p moja inaangukia punje 120: sekunde 3 nzima za mashine ya kusaga.

Irabu nazo zina lao. Sauti ya mitikisiko 200 kwa sekunde inajirudia kila milisekunde 5. Punje mbili zikipishana kwa milisekunde 2.5, kilele cha moja kinakutana na bonde la nyingine na vinafutana. Ndiyo ule uroboti mnaousikia.

Njia ya pili inatoka Bell Labs, maabara ya kampuni ya simu ya Marekani, kwa watafiti Flanagan na Golden, 1966: vokoda ya fezi. Badala ya kuchezesha punje kama zilivyo, unaichambua kila moja kwa toni zake, unapima fezi, yaani kila toni imesogea kiasi gani katika kupanda na kushuka kwake, tangu dirisha lililopita (dirisha ni kipande kinachochambuliwa kwa mara moja), kisha unajenga sauti mpya ambamo kila toni inaendelea pale ilipoachia. Hakuna kufutana. Kwenye Pd mfano wake ni I07, una dirisha la namba 2,048, kama milisekunde 46. Una pia kitufe cha kufunga fezi za toni jirani, wazo ambalo Puckette mwenyewe aliliandikia mwaka 1995. Kizime, na bibi anaongea kutoka ndani ya pipa. Kiwashe, anatoka kwenye pipa, ingawa haji karibu sana.

Lakini p bado inayeyuka. Dirisha la milisekunde 46 haliwezi kujua kofi limepigwa mwanzoni au mwishoni mwake. Ukilipunguza, unalijua kofi lakini unapoteza toni za chini. Nilihangaika na hili miezi, nikibadilisha dirisha kama mtu anayebadilisha miwani, mpaka nilipokaa harusini nikimsikiliza mwimbaji wa taarabu akilivuta neno "mahaba". Alivuta nini? Alivuta a. Ile m, ile h, ile b zilipita kwa mwendo wake wa kila siku. Hakuna mwimbaji anayevuta b. Jaribuni hapo mlipo.

[Ukumbi unajaribu. Vicheko.]

Mimi nilikuwa navuta kila kitu sawasawa kwa sababu kisanduku kilinipa namba moja ya mwendo, nikaiamini. Kumbe kidole hakilazimiki kutembea mwendo mmoja. Nikaitoa phasor~ pale, nikaweka line~, ambayo unaiambia iende wapi na kwa muda gani, hatua kwa hatua. Milisekunde 80 za mwanzo, mwendo wa kawaida: p ipite. Kisha polepole sana juu ya a na u. Ikifika kw, mwendo wa kawaida tena. Kisha a ya mwisho ibebe muda uliobaki. Namba nne nne, nilizipata kwa kutazama wimbi kwenye jedwali na kurudia kusikiliza, hakuna fomula.

Nitaipiga yote. Naomba msijibu mpaka muisikie kw.

[Sauti inapigwa. Kwenye sekunde ya 41 mtu mmoja nyuma anaitika: "Pakawa!"]

Bado, kaka. Bado.