Ukipewa makala ya mwenzako uihakiki

Haya jamani tuanze, muda wenyewe mfupi. Leo naongelea kuhakiki makala za kisayansi, ile jarida linakutumia imeili kwamba kuna mswada hapa, usome halafu utuambie unauonaje. Wengi wetu hakuna aliyetufundisha hii kazi, tumejifunza kwa kutandikwa na wahakiki wa makala zetu, ndio maana na sisi tukipewa za wenzetu tunatandika tu.

Kabla ya kukubali, kama mwandishi ni mtu uliyeandika naye juzijuzi au mnagombea ufadhili mmoja, mwambie mhariri mapema. Huna muda? Kataa siku hiyohiyo, usimkalie mtu na kazi yake miezi. Na mswada ni siri, usiurushe kwenye grupu wala usiupakie kwenye programu za akili mnemba.

Sasa penyewe. Hupimwi kwa wingi wa makosa utakayookota. Unaulizwa kitu kimoja: je, data alizonazo huyu mtu zinabeba anachodai? Soma mara ya kwanza bila kalamu mpaka uweze kusema kwa sentensi mbili tatu ameuliza nini na amepata nini, na ripoti yako ianze na hizohizo, maana mwandishi akiona umemwelewa hata ukimkosoa atakusikiliza, na kama umemwelewa vibaya mhariri ataliona hapohapo.

Alafu maoni yenyewe. Unakuta mtu kaandika "uchambuzi wa takwimu ni dhaifu", basi, kamaliza. Mwandishi afanye nini na hiyo? Chukulia mfano mhakiki mwingine kaandika hivi: "Kwenye mbinu mnasema mliandikisha washiriki 120, ila Jedwali la 2 lina watu 97. Hao 23 wameenda wapi, na walikuwa kundi gani? Kama wengi ni wa kundi la dawa na waliacha kwa sababu ya madhara, hitimisho kwamba dawa ni salama halisimami. Naomba mwonyeshe waliotoka ni kina nani na walitoka lini." Hiyo inauma kuliko ile ya kwanza, lakini mwandishi anajua kabisa aanzie wapi.

Na hapa naomba mnisikilize vizuri, kwa sababu ndipo tunapoumizana sana. Dai likizidi data, mara nyingi dawa yake ni kupunguza dai. Mtu amepima uhusiano wa vitu viwili akaandika kimoja kinasababisha kingine, mwambie abadilishe hiyo kauli, usimdai jaribio jipya la mwaka mzima ambalo hata wewe usingelifanya. Usimwandikie makala yako ndani ya makala yake. Na kumlazimisha anukuu kazi zako tano ambazo hazihusiki, huo ni unyang'anyi.

Majina nayo yanatupoteza. Mwaka 1982 Peters na Ceci walichapisha matokeo ya jaribio lao: walichukua makala 12 za saikolojia zilizokuwa zimeshachapishwa, wakabadilisha majina ya waandishi na taasisi wakaweka ya kubuni, wakazirudisha kwenye majarida yaleyale. Tatu tu ndizo zilizogundulika, na katika 9 zilizobaki 8 zikakataliwa, sababu kubwa ikiwa eti mbinu zina kasoro! Upande wa pili, mwaka 1936 Einstein na Rosen walipeleka Physical Review makala ya mawimbi ya mvutano, mhakiki akaona kosa akalieleza kwa kina bila kuogopa jina, Einstein akakasirika akaiondoa, lakini ilipotoka kwenye jarida lingine mwaka 1937 hitimisho lilikuwa limebadilishwa. Yule mhakiki aliangalia hesabu, na hicho ndicho ninachowaomba, iwe jina ni kubwa au hujawahi kulisikia, iwe Kiingereza kimenyooka au kinachechemea. Lugha inarekebishika, sema sentensi ipi haieleweki uendelee na sayansi.

Mapendekezo ya kukubali au kukataa yaende kwa mhariri, na usimsifie mwandishi huku halafu ukamchinja kule kwenye maoni ya siri.

Mswada ukirudi raundi ya pili, angalia kama uliyoyauliza yamejibiwa. Usianze kuibua mapya ambayo ungeweza kuyaona mwanzo, isipokuwa ni kosa linaloangusha makala nzima. Kama wamekujibu vizuri na huna la kuongeza, andika hivyo, mstari mmoja unatosha, utume leoleo. Haya, nani ana swali?