Ubongo Uliozoea Njaa

Asanteni kwa kuja, hasa nyinyi mliokuja na wagonjwa wenu. Nimeombwa nizungumzie kisukari na ubongo kabla Ramadhani haijaingia. Tukitaja kisukari, wengi huwaza sukari kupanda: macho, figo, vidonda vya miguu. Leo nazungumzia kushuka. Sukari iliyopanda mara nyingi huharibu mwili kwa miaka, lakini iliyoshuka inaweza kummaliza mtu usiku mmoja.

Twende Toronto, Kanada, mwaka 1922. Januari ile, kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, alidungwa insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu, iliyotolewa kwenye kongosho la ng'ombe, wa kwanza kutibiwa na timu ile. Aliyekuwa akiisafisha dawa ni mkemia James Collip, naye aliijaribu kwanza kwa sungura. Sungura aliyezidishiwa alilegea, kisha akakakamaa na kushikwa na degedege. Akipewa glukosi, yaani sukari ya damu, anarudi kuwa mzima. Wenzake wakaona hicho ni kipimo kizuri: nguvu ya dawa ikapimwa kwa kiasi kinachomshusha sungura wa kilo 2, aliyeshindishwa njaa, hadi miligramu 45 za sukari kwa kila mililita 100 za damu, yaani pale degedege inapoanza. Kwa hiyo yuniti mnazohesabu kwenye bomba la sindano asili yake ni sungura anayetapatapa. Mimi kila nikiliwaza hilo huishika sindano kwa adabu.

Kwa nini ubongo ndio unaoumia kwanza? Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini ukiwa umetulia hula karibu asilimia 20 ya nishati yote. Kwa siku unataka zaidi ya gramu 100 za glukosi, na sehemu kubwa huishia kwenye kusukuma chumvichumvi ndani na nje ya seli za neva ili ziweze kupashana habari. Ini lina akiba, misuli ina akiba. Ubongo ni kibarua: asipolipwa leo, leo hiyo hiyo hakuna kinachopikwa. Na ili uipate glukosi hauhitaji insulini kama inavyohitaji misuli. Wenyewe unategemea kiasi kilichomo kwenye damu. Damu ikipungukiwa, nao unapungukiwa.

Mwili unalijua hilo, ndiyo maana una ulinzi. Sukari ikianza kushuka kongosho hupunguza insulini. Ikikaribia milimoli 4 kwa lita, glukagoni na adrenalini, homoni zinazopandisha sukari, humwagwa, ini likatoa akiba yake. Adrenalini ndiyo inayokutetemesha, kukutoa jasho, kukudundisha moyo na kukupa njaa. Ikifika karibu na 3, akili inayumba. Ikizidi kushuka huja degedege na kupoteza fahamu. Lakini mwenye kujidunga insulini hawezi kuirudisha aliyokwisha kuidunga, na mwenye kisukari cha aina ya kwanza, ambaye kongosho lake halitengenezi tena insulini ya kutosha, baada ya miaka kadhaa, hata glukagoni yake haiitikii tena sukari inaposhuka.

Hapa ndipo penyewe. Mwaka 1993 Philip Cryer na wenzake, Marekani, walionyesha kwamba sukari ikishuka leo, kesho ikishuka tena adrenalini hutoka kidogo zaidi. Ubongo unazoea. Vipimo vya picha vinavyosoma kemia ya ubongo vimeonyesha pia kwamba kwa baadhi ya wenye aina ya kwanza waliokwisha kuyumbishwa mara nyingi, ubongo hujifunza kuvuta zaidi vyakula vingine badala ya glukosi. Inaonekana ni ujanja mzuri, kumbe ndio mtego: jasho halitoki, mikono haitetemeki, mtu yuko 2.5 na anasema yuko sawa.

Mnamjua. Yuko dukani, anarudisha chenji ya elfu kumi kwa mteja aliyetoa elfu mbili, akielezwa anafoka. Majirani watasema kalewa, au kapandwa na vyake. Mpime. Kama hakuna mashine, mpe vijiko vitatu vinne vya sukari kwenye maji, au soda isiyo ya "zero", kisha mrudie baada ya dakika 15. Chokoleti haifai, mafuta yake huchelewesha. Akiwa hana fahamu usimtie kitu mdomoni. Mlaze ubavu, mkimbize hospitali.

Habari njema ni kwamba mazoea haya hurudi nyuma. Mtu akilindwa asishuke kabisa kwa wiki mbili tatu, dalili zake huanza kurejea. Daktari hulegeza dozi kwa makusudi, na mgonjwa huona kama anaharibiwa matibabu. Haharibiwi.

Sasa Ramadhani. Anayetumia kidonge cha metformini peke yake ni nadra kushuka. Hofu yangu ni insulini na glibenklamaidi, kidonge kinachoendelea kulikamua kongosho saa nyingi baada ya kumezwa, tumbo likiwa tupu. Aliyeshushwa na kidonge hicho hata akizinduka asiachwe peke yake, huweza kushuka tena. Dozi zibadilishwe na daktari kabla ya mwandamo, si katikati ya mfungo. Wanazuoni wengi wamesema kuchoma kidole kupima sukari hakubatilishi saumu, basi pimeni mchana. Ukiona chini ya 3.9, fungua papo hapo, hata kama magharibi imebaki robo saa.