Majike Tisa na Sarafu

Asanteni. Naomba watu tisa wa safu ya mbele wasimame, kila mmoja na sarafu mkononi. Ninyi ni simba jike.

Mwaka 1962, baada ya mvua kubwa, nzi wafyonza damu waitwao Stomoxys walijaa katika Kreta ya Ngorongoro. Simba waliumwa hadi ngozi zikawa vidonda, wakakonda, wakashindwa kuwinda. Kabla ya hapo walikuwa zaidi ya 60. Nzi walipopungua, walibaki kama kumi tu: majike tisa na dume mmoja.

Haya, rusheni. Ukipata kichwa, umeacha watoto wa kike wawili waliofikia umri wa kuzaa. Ukipata upande wa pili, umekufa bila binti, keti. Kwa wastani kila jike anaacha mmoja, na anayeamini wastani peke yake atasema ukoo huu utadumu milele. Watazameni walioketi.

Mabinti nao watarusha, na wajukuu pia. Nimepiga hesabu ya mchezo huu hadi kizazi cha tano. Ukianza na jike mmoja, uwezekano wa ukoo kwisha ni karibu asilimia 78. Ukianza na wanne, 36. Tisa, kama asilimia 10. Ukianza na mia, ni kama haupo kabisa. Wastani ni ule ule kote, ila uchache wenyewe ni hatari.

Kalamu inaishia hapo. Simba halisi ana umri, ana njaa ya kiangazi, ana dume mgeni anayekuja kuua watoto. Ndipo tunaiachia kompyuta irushe sarafu zote hizo, iishi miaka mia ya kubuni, ianze upya mara elfu kumi, kisha tuhesabu ni mara ngapi kundi limekwisha. Huo ndio uigaji.

Sasa nawasihi mnisikilize, maana hapa ndipo tunapokosea sana. Nzi wale hawakumrushia kila simba sarafu yake. Walirusha moja kwa kreta nzima. Mwaka 1994 virusi vya distempa, ugonjwa unaojulikana zaidi kwa mbwa, viliua karibu theluthi ya simba wapatao 3,000 wa Serengeti. Mimi siamini uigaji wowote usio na mwaka wa msiba ndani yake. Unampa mhifadhi matumaini, naye anapanga kwa matumaini hayo.

Na Ngorongoro walinusurikaje? Miaka michache baadaye madume saba waliingia kutoka nje, wakazaa na majike wale. Kwa hiyo programu yetu lazima iwe na uwezekano wa mgeni kuingia. Mashamba na makazi yakiizunguka kreta, namba hiyo inashuka kuelekea sifuri, hata kama ndani ya kreta hakuna simba aliyeguswa.

Tutacheza mara mbili, mlango ukiwa wazi kisha ukiwa umefungwa. Safu ya pili, simameni, ninyi ndio madume wageni. Majike, rusheni tena.