Barafu Inayotetemeka: Mazungumzo Kutoka Goma

Neema: Karibuni, wasikilizaji wa Goma na wa popote mlipo. Mimi ni Neema, na kama kawaida niko na mwenzangu, Mwalimu Bahati. Leo tunazungumzia barafu inayoelea juu ya bahari za kaskazini, na jinsi wataalamu wanavyopima unene na uimara wake kwa mawimbi ya mtetemo.

Bahati: Asante, dada Neema. Jambo hili lilinigusa kwa sababu, baada ya volkano yetu ya Nyiragongo kulipuka tarehe 22 Mei 2021, tulikaa siku kadhaa huku ardhi ikitetemeka chini ya nyumba zetu, na wataalamu wakifuatilia njia ya magma kwa mitetemo hiyo hiyo iliyotunyima usingizi. Barafu ya bahari nayo husomwa vivyo hivyo.

Neema: Lakini, Mwalimu, ukitaka kujua unene wa barafu, si utoboe tu shimo na kuteremsha kipimo?

Bahati: Unaweza, na shimo hilo litakuambia ukweli wa mahali pale pekee, siku ile pekee. Satelaiti huona eneo kubwa, ila hupima kimo cha barafu kilicho juu ya maji, ambacho ni takriban sehemu moja tu kati ya kumi. Ukikosea sentimita tano hapo juu, unene wote unaweza kukosewa kwa karibu nusu mita, na theluji iliyolala juu ya barafu huzidisha tatizo. Tena, hakuna njia kati ya hizo mbili inayokuambia moja kwa moja kama barafu hiyo ni kakamavu au imelegea.

Neema: Na mawimbi yanajuaje?

Bahati: Yako ya aina tatu. La kwanza husukuma na kuvuta barafu kuelekea linakokwenda, kwa mwendo wa karibu kilomita tatu kwa sekunde. La pili huitikisa barafu kando kando, nalo ni la polepole zaidi. Kasi ya hayo mawili haitegemei unene; hutegemea msongamano wa barafu na ukakamavu wake. La tatu hupinda barafu juu na chini, kama bati refu linavyoyumba ukilibeba kwa ncha zake mbili, na hilo ndilo linalobeba habari za unene. Ndani yake mitetemo ya haraka hutangulia na ya taratibu hufuata, hivyo ufa ukitokea mbali, anayesikiliza husikia mlio unaoanza mwembamba ukishuka hadi kuwa mzito. Ukijua ukakamavu kutokana na mawimbi mawili ya kwanza, unakokotoa unene kutokana na jinsi mlio huo ulivyotawanyika.

Neema: Kwa hiyo lazima mtu aende kuigonga barafu kwa nyundo?

Bahati: Zamani watafiti waliitikisa barafu wenyewe; wanasayansi wa Marekani Maurice Ewing na Albert Crary walichapisha utafiti wa mawimbi katika barafu mwaka 1934. Lakini mwezi Machi 2019, huko Svalbard, visiwa vya Norway vilivyo kaskazini kabisa, watafiti walitandaza karibu jiofoni 250, yaani vifaa vidogo vya kunasa mtetemo, juu ya barafu ya ghuba ya Van Mijenfjorden, wakaiacha ijitetemeshe yenyewe. Maji kujaa na kupwa, upepo na baridi inayoipasua barafu vinatosha kutoa mawimbi usiku na mchana. Baadaye ilionekana kwamba hata jiofoni chache mno zinaweza kutumia mitetemo ya nyufa kukadiria unene.

Neema: Nikiwa mtu wa huko, ninayevuka barafu hiyo kwenda kuvua, jibu hilo lingenifaa nini?

Bahati: Lingekufaa sana, dada. Maji ya bahari yanapoganda, katika baridi ya karibu nyuzi 1.8 chini ya sifuri, sehemu ya chumvi hubaki imefungwa ndani ya barafu kama matone ya maji makali ya chumvi. Joto likipanda, matone hayo hupanuka na barafu hulegea, ingawa shimo lako bado linaweza kuonyesha unene ule ule wa wiki iliyopita. Mawimbi huanza kupunguza mwendo wakati huo, nawe unaelewa kwamba barafu iliyokubeba mwezi Machi si ile unayotaka kuikanyaga mwezi Mei.