Namna ya kuchagua bima ya safari ya meli ya utalii ukitokea Kisumu

Hamjambo watazamaji, karibuni. Kelele mnazosikia nyuma yangu ni boda za Kondele, mtazivumilia kidogo. Leo tunachagua bima ya usafiri yenye matibabu kwa mtu anayekwenda kupanda meli ya utalii. Na ninajua wengi mnaouliza ni watu wanaompeleka mzazi: mtoto yuko Texas ama Minnesota, amemlipia mama safari ya meli inayoondoka Miami, na mama yuko Ahero anashangaa bima nyingine ya nini na SHA, ile bima ya afya ya serikali, analipa kila mwezi.

Hilo la SHA tulimalize kwanza. Ile asilimia 2.75 tunayokatwa haitakulipia kliniki ya meli. Na meli kubwa zina kliniki, zina daktari na wauguzi, ila huduma si ya bure. Bili inaingizwa kwenye akaunti yako ya melini, mara nyingi kwa dola, unalipa kabla ya kushuka, kisha ukirudi nyumbani ndipo unadai fidia. Kama una bima ya kazini, isome vizuri. Nyingi zinaishia Kenya au Afrika Mashariki.

Sasa hatua ya kwanza. Toa ratiba ya meli, shika kalamu, zungushia kila bandari. Tazama hapa kwenye skrini: Miami, San Juan, St. Thomas. Zote tatu ni ardhi ya Marekani. Wakala atakupa bei mbili, moja ya dunia nzima, nyingine ya dunia nzima isipokuwa Marekani na Kanada. Ya pili ni rahisi, na kwa safari hii haifai hata kidogo. Kama meli yako inaanzia Barcelona au Civitavecchia karibu na Roma, utahitaji visa ya Schengen, na visa hiyo inadai bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000. Lakini meli ikipita Uturuki au Tunisia, umetoka Schengen. Hakikisha hati ya bima inataja nchi hizo pia, na visa yako inakuruhusu kuingia zaidi ya mara moja.

Hizo euro 30,000, kwa maoni yangu, ni za kumridhisha afisa wa visa tu. Kwa meli inayogusa Marekani, mimi singekubali matibabu ya chini ya dola 100,000.

Hatua ya pili ndiyo iliyonifanya nitengeneze video hii. Usianze na bei, wala usianze na fidia ya begi. Fungua hati, tafuta kifungu cha kuhamishwa mgonjwa. Daktari wa meli kazi yake ni kumtuliza mgonjwa mpaka afikishwe hospitali ya nchi kavu. Mzazi akipata kiharusi katikati ya bahari, nahodha ndiye anayeamua: meli igeuze kwenda bandari iliyo karibu, ama helikopta iitwe, kama ipo na inaweza kufika. Kisha kuna ndege ya wagonjwa kutoka kisiwa kidogo hadi mji wenye hospitali kubwa, na baadaye kumrudisha Kenya na muuguzi pembeni yake. Gharama yake inaweza kufika makumi ya maelfu ya dola. Kwa hiyo muulize wakala maswali haya, na majibu ayatume kwa maandishi. Kuhamishwa kutoka melini kumo, au ni kutoka hospitali tu? Kuna kikomo chake peke yake, au kinakula kwenye pesa za matibabu? Na nani anaamua apelekwe wapi?

Sasa lile tusilopenda kulitaja. Huku kwetu kila mtu amewahi kuingizwa kwenye grupu ya WhatsApp ya kuchanga pesa za kuleta mwili kutoka ng'ambo. Hati nyingi zina kifungu cha kurudisha mwili, lakini soma maneno yenyewe: nyingine zinasema mwili kurudishwa au kuzikwa huko huko, na kikomo cha pesa ni kidogo. Uliza kama uamuzi huo ni wa familia au wa kampuni. Uliza pia pesa zinaishia uwanja wa ndege wa JKIA ama mwili unafika nyumbani, maana kutoka Nairobi hadi Siaya au Busia bado ni safari na ina bei yake. Nimeona watu wakibishana na wakala dakika nyingi juu ya simu iliyopotea na kifungu hiki wakakiruka.

Simamisha video kidogo, ukatafute ukurasa huo kwenye hati yako.

Hatua ya tatu, magonjwa. Presha, sukari, pumu, selimundu: yaandike yote kwenye fomu, hata kama mzazi anasema amepona. Kampuni ikidaiwa pesa nyingi inaitisha rekodi za hospitali, na ugonjwa uliofichwa ni sababu tosha ya kukataa kulipa. Mwombe daktari wako, awe pale Russia, yaani hospitali ya rufaa ya Jaramogi hapa Kisumu, au kliniki ya kibinafsi, akuandikie barua yenye majina ya dawa na vipimo vyake. Dawa ziingie kwenye mkoba wa mkononi. Umri nao uangalie mapema, kwa sababu ada hupanda kwa wazee na baadhi ya kampuni hupunguza kikomo au hukataa kabisa. Mama mjamzito, angalia masharti ya meli kabla ya bima. Kampuni nyingi za meli hazimpokei aliyefika wiki ya 24.

Na ile bima ambayo mtoto anaiona mtandaoni wakati wa kulipia tikiti? Mara nyingi imetengenezwa kwa wakaazi wa nchi anayoishi yeye. Kabla ya kubonyeza, aulize kama inamkubali mkaazi wa Kenya.

Hatua ya nne, kuchelewa. Meli haingoji. Kutoka Kisumu unaunganisha ndege Nairobi, pengine na mji mwingine mbele, na ndege moja ikichelewa unaiona meli ikiondoka. Tafuta kifungu kinacholipia kukufikisha bandari inayofuata. Halafu, bima au bila bima, fika siku moja kabla. Kadi ya homa ya manjano iwe tayari, chanjo ichanjwe angalau siku 10 kabla ya safari. Ukizuiwa kwa kukosa karatasi, usitegemee bima ikulipe.

Begi, simu, kamera: soma, endelea.

Kuhusu kununua. Mawakala wako katikati ya mji, na wengine watakufuata hadi kwenye simu. Hakikisha kampuni na wakala wamo kwenye orodha ya Mamlaka ya Kusimamia Bima, ile IRA. Lipa kwa paybill ya kampuni, sio namba ya mtu binafsi, hata akiwa binamu yako. Tarehe ya bima ianze siku unayoondoka Kisumu, sio siku ya kupanda meli, na iishe siku mbili tatu baada ya ile ya kurudi.

Namba ya dharura ya kampuni iandike kwenye karatasi. Ukilazwa bandarini, piga kabla ya hospitali kuanza matibabu makubwa, kama hali inaruhusu. Ukiwa baharini usitumie laini yako ovyo, mtandao wa melini hupita kwenye setilaiti na unakula pesa; nenda mapokezi wakupigie. Picha ya hati mtumie mtu mmoja aliye nyumbani, anayeshika simu usiku.