Gunia, Ndege na Sanduku la Kufuli Tatu

FRIDA: Haya haya, karibuni tena, ni sisi wawili kama kawaida, na leo mvua imetushika Arusha toka asubuhi kwahiyo mkisikia bati linapiga kelele mtusamehe, studio yetu mnaijua, ni chumba kimoja na godoro ukutani.

ELI: Shikamoo dada Frida.

FRIDA: Marahaba, si umeshanisalimia nje pale?

ELI: Ile haikuwa hewani, wasikilizaji wangesema sina adabu.

FRIDA: Haya mdogo wangu, adabu imeonekana. Leo tunaongelea CRS, Catholic Relief Services, wale wa msaada wa Wakatoliki wa Marekani. Najua wengine mnasema aah hizo habari za enjioo zinachosha, ila Eli juzi ameniambia kitu kwenye kifodi tukitokea Usa River nikabaki mdomo wazi. Hebu anza.

ELI: Sasa si unajua mi kwetu Tengeru. Kule kwetu kuna makaburi ya Wapolandi, sio mbali na Ziwa Duluti, makaburi zaidi ya 100, yamezungushiwa ukuta, yana misalaba, na kuna mengine ya Wayahudi pia. Sisi utotoni tulikuwa tunapita tu na mbuzi tunajua ni Wazungu wamelala pale, basi, hatuulizi.

FRIDA: Mimi nilidhani ni masetla.

ELI: Kila mtu anadhani masetla! Kumbe wakimbizi. Yaani vita ya pili ilivyoanza 1939 Mjerumani akaingia Poland huku, Mrusi akaingia kule, halafu Stalin mwaka 1940 na 41 akawakusanya familia kwa familia akawapakia kwenye mabehewa ya mizigo mpaka Siberia na Kazakhstan, wengi wakafia huko kwa baridi na njaa. Halafu Juni 1941 Hitler akamgeuka Stalin, Stalin akaona bora apatane na Wapolandi, akawaachia. Sasa umeachiwa uende wapi? Kwenu kuna Mjerumani. Ndo 1942 wakavushwa bahari ya Kaspi mpaka Iran, wanaume wenye nguvu wakaingia jeshini, wakabaki wanawake na watoto, Mwingereza akawagawa kwenye makoloni yake. India, Uganda kule Masindi na Koja, na hapa Tanganyika wakaletwa sehemu kama Kidugala, Ifunda, Kondoa, na kambi kubwa kuliko zote ikawa Tengeru, kama watu 5,000.

FRIDA: 5,000! Tengeru ile ya soko la Jumamosi.

ELI: Hiyo hiyo. Walijengewa vijumba vya duara vya udongo vya kuezekwa kwa majani, wakawa na kanisa, shule, hospitali, wakalima. Vita imeisha wengi hawakurudi kwasababu kwao upande wa mashariki Mrusi ameshachukua jumla, wakakaa mpaka miaka ya 50 mwanzoni ndo wakatawanyika Uingereza, Kanada, Australia.

FRIDA: Sasa mtu ataniuliza, CRS imeingilia wapi hapo.

ELI: Ndo nafika. Kuna kundi la msafara uleule, watu waliopita Iran ileile, wao wakapelekwa Mexico badala ya Afrika, kama 1,400 hivi, wakawekwa sehemu inaitwa Santa Rosa karibu na mji wa León. Na mwaka huohuo, 1943, maaskofu Wakatoliki wa Marekani ndo wameanzisha shirika lao la msaada wa vita, likiitwa War Relief Services, na kazi yake ya kwanza kabisa ikawa ile kambi ya Santa Rosa. Ndo CRS hiyo, jina limebadilishwa tu 1955. Kwahiyo wale wa kwanza kabisa kusaidiwa ni kama ndugu wa hawa waliolala pale Duluti, labda walilala behewa moja!

FRIDA: Aisee. Ndo maana nikasema hii tuifanyie kipindi. Maana sisi tumezoea picha moja tu, Mzungu anagawa, Mwafrika amekinga bakuli. Kumbe siku ya kwanza aliyekinga bakuli ni Mzungu, na sisi tukawapa ardhi.

ELI: Hatukuwapa dada, Mwingereza aligawa, Wameru hawakuulizwa.

FRIDA: Sawa, umenirekebisha. Haya, vita imeisha, Ulaya ikaanza kunyanyuka, shirika likabaki na maghala na maparokia yaliyozoea kuchangia nguo na vyakula. Ndo wakageukia Asia, Amerika ya Kusini, Afrika. Hapa Tanzania waliingia 1962, sisi tuna mwaka mmoja wa uhuru. Ila hapo kuna kitu lazima watu wakielewe, lile gunia lilitoka wapi. Mwaka 1954 Rais Eisenhower alisaini sheria ya kutoa chakula cha ziada nje ya nchi, kwasababu wakulima wao walivuna mpaka serikali haina pa kuweka. Kwahiyo kile chakula hakikuwa sadaka tupu, kilikuwa pia njia ya kupunguza mlima wa ngano kwao. Na wasambazaji wakawa mashirika kama CRS na CARE.

ELI: Ndo bulga, ile ngano ya kupondwa.

FRIDA: Bulga! Wasikilizaji wa umri wangu mnacheka huko mlipo. Mama yangu anasimulia kule Kibosho, ukienda kliniki na mtoto anapimwa kwenye mzani, unapewa bulga, unga wa maziwa na mafuta kwenye kopo lenye mikono miwili inayoshikana. Na ule unga wa mahindi ya njano watu waliuita Yanga.

ELI: Mashabiki wa Simba walikuwa wanakula nini?

FRIDA: Wanakula kimyakimya. Ila unaona, chakula kimeletwa na watawa, mama anajua ni msaada wa kanisa, kopo limeandikwa ni zawadi ya watu wa Marekani, na ukweli ni kodi ya Marekani na sera ya kilimo ya Marekani. Mwenye gunia ni nani? Mi hilo swali ndo linaniwasha toka tuanze kusoma. Kule Vietnam liliwachoma kweli, miaka ya 60 chakula chao kikawa kinaishia kwa wanamgambo wa serikali ya kusini, na Wakatoliki wenyewe wa Marekani ndo wakapiga kelele.

ELI: Lakini Biafra dada, Biafra hakuna serikali iliyowatuma.

FRIDA: Biafra ieleze wewe, mi naona unatetemeka.

ELI: Mi hii stori naipenda sana. Haya. Vita ya Nigeria 1967 mpaka Januari 1970, Waigbo wamejitenga wakajiita Biafra, wamezungukwa, bandari imefungwa, watoto wanavimba matumbo kwa kwashiakoo. Na Tanzania hapa Mwalimu Nyerere tarehe 13 Aprili 1968 akaitambua Biafra, nchi ya kwanza duniani, wazee wanakumbuka ule ubishi. Sasa kule Igboni kulikuwa na mapadre wa Roho Mtakatifu, Waairishi, shirika lilelile lililoanzisha misheni ya Kilema kwenu huko 1890...

FRIDA: Kwetu Kibosho 1893, sema na sisi tusikike.

ELI: Na Kibosho. Basi hao mapadre walikataa kuondoka, ndo wakawa wanapeleka habari nje. Caritas, CRS, na makanisa ya Kiprotestanti ya Ulaya na Marekani wakaungana, Joint Church Aid, kifupi JCA, marubani wakatania ni Jesus Christ Airlines, shirika la ndege la Yesu Kristo. Wakawa wanaruka kutoka kisiwa cha São Tomé usiku tu, kwasababu mchana watatunguliwa, wanaenda kutua Uli. Na Uli sio uwanja dada, ni barabara! Barabara ya lami imepanuliwa, taa zinawashwa sekunde chache ndege ikikaribia halafu zinazimwa, juu kuna ndege ya jeshi la Nigeria inazunguka inasubiri taa ziwake idondoshe bomu. Rubani anatua gizani na tani za samaki wakavu na maziwa, wanashusha kwa mikono, anaruka tena, wenye nguvu wanaenda raundi mbili au tatu kwa usiku mmoja. Zaidi ya safari 5,000, karibu tani 60,000. Na kuna marubani walikufa pale.

FRIDA: Wakatoliki na Walutheri ndege moja, 1968. Hapa Arusha mpaka leo kuna watu kwenye harusi ya mchanganyiko wanagombana ifungwe kanisa gani.

ELI: Ila na hapo kuna lawama. Wapo wanaosema zile ndege ziliirefusha vita, kwamba Ojukwu, kiongozi wa Biafra, angekosa chakula angesalimu amri mapema. Mi sikubali moja kwa moja. Mtoto wa miaka 3 humwambii asubiri mpaka siasa ziishe.

FRIDA: Mi nakubali nusu. Unaweza kulisha mtoto na bado ukawa umesaidia vita, vyote viwili kwa wakati mmoja, na kazi ngumu ni kuishi na hilo bila kujidanganya. Na nadhani kilichowavunja hawa CRS kabisa sio Biafra, ni Rwanda. Walikuwa Rwanda toka miaka ya 60, miradi ya kilimo, chakula, mambo yanaenda, ripoti nzuri. Halafu Aprili 1994, siku 100, watu zaidi ya 800,000 wameuawa. Sisi Tanzania tuliona daraja la Rusumo, watu robo milioni wamevuka kwa siku moja kuja Ngara. Sasa jiulize, umekaa kwenye nchi miaka 30, unahesabu magunia, unahesabu visima, na ile chuki inapikwa pembeni yako na hakuna fomu yako hata moja inayoiuliza. Na waliochinja na waliochinjwa wengi ni Wakatoliki, wamebatizwa, wengine wameuliwa ndani ya kanisa.

ELI: ...

FRIDA: Eli amenyamaza, na hiyo haitokeagi. Baada ya hapo walikaa chini wakasema kila mradi lazima upimwe kwa jicho la haki, nani anaonewa hapa, nani hana sauti, sio tu nani ana njaa. Wakaanza kazi za upatanisho. Imechelewa, ndio. Ila mashirika mangapi yalikubali kwamba miradi yao ilikuwa mizuri na bado ikapitwa na jambo kubwa?

ELI: Halafu hela zao zinatokaga wapi, mbali na serikali?

FRIDA: Wana mchango wa Kwaresima, wanauita Rice Bowl, bakuli la wali. Ulianza 1975 mji wa Allentown, Pennsylvania, mtoto anapewa kibakuli cha karatasi, familia inakula chakula chepesi, tofauti inaingia kwenye bakuli. Robo inabaki jimboni kwao, iliyobaki inaenda CRS. Kama bahasha zetu tu. Lakini tusidanganyane, bakuli haliendeshi shirika la ukubwa ule. Karibu nusu ya bajeti ilikuwa inatoka USAID, shirika la misaada la serikali ya Marekani. Kwahiyo Januari 2025 Trump alivyosimamisha misaada, yakaja mapunguzo, watu wakapoteza kazi, miradi ikafungwa, na USAID yenyewe Julai ikafungwa. Miaka 70 baada ya Eisenhower swali la mwenye gunia likajijibu lenyewe.

ELI: Ila dada vikundi havikufa. Vile vya kuweka na kukopa, wanaviita SILC, huku mtaani utasema VICOBA tu. Wazo lenyewe waliazima kwa CARE, ambao ndo walianza nalo Niger 1991. Watu kama 20 au 25, kila wiki mnanunua hisa, mnakopeshana, kuna mfuko wa jamii wa misiba na magonjwa, mwisho wa mzunguko mnagawana kilichopatikana na faida. Hakuna hata senti ya mfadhili mle ndani, mfadhili alikuja akafundisha akaondoka. Ofisi yao kuu ikifungwa Baltimore kule Marekani, sanduku la wamama wa Usa River linajua saa ngapi?

FRIDA: Sanduku la kufuli tatu, funguo tatu kwa watu watatu tofauti, na mweka hela anakaa na sanduku lakini hana ufunguo. Mama yangu ni mmoja wa wenye funguo kwenye kikundi chao. Mama yuleyule wa bulga. Siku ya kikundi usimpigie simu, hata uwe umelazwa, atakwambia subiri tumalize hisa.

ELI: Na ufunguo anauweka wapi?

FRIDA: Kwenye ile...  wee Eli! Hiyo sisemi hewani, unataka nyumba ivunjwe?

ELI: [anacheka] Nilikuwa naulizia utafiti tu.

FRIDA: Utafiti gani. Zima mashine hiyo, mvua imepungua, tuwahi kifodi.